Akiba Inayooza

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa fedha iliyofungwa kwenye pindo la kanga, na kwa mtama ulioanikwa ukakauka vizuri kabla ya kuingia ghalani, nakubaliana nao. Kwa binadamu sikubali. Katika viwanja vyetu vya mpira, kuanzia Karume pale Musoma hadi viwanja vya vumbi vya Bunda na Butiama, iko akiba inayooza mbele ya macho yetu kila mwisho wa juma. Akiba hiyo ni vijana wanaokaa kwenye benchi. Nataka kuwatetea vijana hao, na nataka pia kuwashtaki wanaowaozesha. Washtakiwa ni wengi: wamo viongozi wa klabu, wamo makocha, wamo watangazaji wa redio, na tumo sisi tunaolipa kiingilio.

Tuanze na lugha yetu, kwa maana dharau huanzia mdomoni. Mchezaji asiyepangwa tunasema "anasugua benchi", kana kwamba ameajiriwa kung'arisha mbao kwa makalio yake. Akiingizwa dakika za mwisho tunamwita deiwaka, jina tuliloliazima kutoka stendi ya daladala, ambako dereva mwenyewe akichoka humwachia usukani mtu asiye na gari wala mkataba, aende tripu mbili tatu na kupewa chochote jioni. Kijana akifunga bao, tunasema amebahatisha. Akikosa, tunasema ndiyo maana hapangwi. Kwa hiyo ameshindwa kabla hajagusa mpira. Mtu wa namna hii, ndugu msomaji, anaweza kuupenda mchezo kwa miaka mingapi?

Jambo la kushangaza ni kwamba nje ya uwanja hatufikiri hivyo hata kidogo. Nenda vijiji vya Bunda vinavyopakana na hifadhi ya Serengeti wakati mahindi yanakomaa. Tembo hawaji saa mbili za usiku, wakati watu bado wanaota moto na kupiga hadithi. Huja usiku wa manane, na mara nyingi karibu na alfajiri, wakati usingizi umekuwa mzito. Kila familia inajua kwamba zamu ya kwanza ni ya kuchangamka na zamu ya mwisho ndiyo ya kuokoa shamba. Huwezi kumpa zamu hiyo mtu legelege. Unampa mwenye macho, mwenye moyo, anayeweza kuamshwa ghafla akasimama na kujua afanye nini. Asubuhi, kama mahindi yamesimama, hakuna anayemwambia kwamba hakulinda kwa sababu hakuanza yeye.

Au panda basi la kutoka Musoma kwenda Dar es Salaam. Ni safari ya zaidi ya kilometa elfu moja, na basi linaloendeshwa kihalali huwa na madereva wawili. Yule wa kwanza ndiye anayetuaga stendi, anapiga honi, anapungiwa mikono. Wa pili amelala kwenye kiti chake, amejifunika koti. Lakini giza linapoingia na yule wa kwanza anapoanza kusinzia, roho zetu zote zinahamia mikononi mwa aliyekuwa amelala. Sijapata kumsikia abiria akilalamika kwamba dereva wa pili alipwe nusu kwa kuwa sehemu ya safari alikuwa amepumzika. Kupumzika kwake ndiko kulikotufikisha.

Hata katika vita. Mgambo, kwa jina lake la kiserikali, ni jeshi la akiba. Wakati wa Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, maelfu ya mgambo walitoka mashambani na viwandani wakaungana na askari wa kudumu. Mkoa wetu unajua habari hizo vizuri, kwa sababu askari wengi walitoka kwetu, na Jenerali David Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20 katika vita hiyo na baadaye akawa Mkuu wa Majeshi, alikuwa mwana wa Butiama. Je, yuko mtu mwenye akili zake awezaye kusimama mbele ya mzee aliyekuwa mgambo Kagera na kumwambia kwamba yeye alikuwa deiwaka?

Basi kwa nini uwanjani tunapoteza akili? Nadhani ni kwa sababu hatujawahi kuona mchezo ambamo mtu wa akiba ana kazi yake, jina lake, na heshima yake. Kwa hiyo naomba msomaji anivumilie nimpeleke mbali kidogo, kwenye mchezo wa besiboli wanaoupenda Wamarekani na Wajapani. Si mchezo wetu, ingawa Wajapani wameuleta katika baadhi ya shule zetu za sekondari, na pale Azania, Dar es Salaam, ulijengwa uwanja wake. Lakini wasichana wetu waliocheza rede wataelewa haraka kuliko wavulana. Katika rede mmoja husimama katikati, na warushaji huutupa mpira kutoka pande mbili wakimlenga, naye hukwepa. Katika besiboli anayerushiwa hakwepi, anashika rungu na kujaribu kuupiga mpira. Kitovu cha mchezo ni yule anayerusha. Yeye ndiye anayeamua mpira uende kasi au taratibu, unyooke au ukate kona njiani.

Mkono wa binadamu una mpaka. Mrushaji anayeanza mchezo, akishafikisha mirusho kama mia moja, bega na kiwiko huanza kumwambia kwamba inatosha. Mchezo una vipindi tisa, na mara nyingi yeye huishia kipindi cha sita au cha saba. Hapo mlango wa kijizizi kilicho kando ya uwanja hufunguliwa na kutoka mrushaji wa akiba. Wenzake wamekwisha kutoka jasho. Yeye amekaa saa mbili akitazama. Anakuta maadui wamejaa njiani, watazamaji wamesimama, na kosa moja tu litafuta kazi yote iliyofanywa na waliomtangulia. Ana dakika chache za kupasha moto mkono, kisha dunia nzima inamtazama. Hiyo ndiyo kazi yake, kesho tena na keshokutwa tena, kwa msimu wa michezo 162.

Zamani hata Marekani walimdharau mtu huyo. Mrushaji wa akiba alikuwa ni yule aliyeshindwa kuwa mwanzishaji, au mzee aliyechoka asiye na pa kwenda. Kitu gani kilibadilisha mambo? Si huruma, wala hotuba. Ilikuwa hesabu. Mwandishi mmoja wa magazeti wa Chicago, Jerome Holtzman, aliona kwamba vitabu vya kumbukumbu vilimwandikia ushindi aliyeanza na vikamsahau aliyeulinda ushindi huo usiponyoke. Akabuni namna ya kuihesabu kazi hiyo ya kuokoa mchezo. Mwaka 1969 hesabu hiyo ikakubaliwa rasmi katika ligi kuu zao. Tangu hapo kila mrushaji wa akiba akawa na namba yake, na mwenye namba akawa na hoja mezani anapodai mshahara. Mwaka 1985 Hoyt Wilhelm akawa mrushaji wa akiba wa kwanza kuingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo. Tangu hesabu ianze hadi heshima hiyo ilipopatikana, ilipita miaka kumi na sita.

Kisha akaja mtu ambaye ningependa kila kijana wa Mwigobero na Makoko asikie habari zake, kwa kuwa ni mtoto wa wavuvi kama wao. Mariano Rivera alizaliwa Panama, akakulia katika kijiji cha pwani, baba yake akiwa mvuvi. Utotoni glavu yake ilikuwa ya makaratasi magumu. Mwaka 1990 klabu ya New York Yankees ilimsajili kwa dola elfu chache tu, fedha ambayo kwao ni ya kununulia viatu. Mwaka 1995 walijaribu kumfanya mwanzishaji, hakung'ara sana. Wakamweka akiba. Kuanzia mwaka 1997 kazi yake ikawa kufunga mlango: kuingia mwishoni na kuhakikisha ushindi hautoki. Alikuwa na aina moja ya mpira aliyoitegemea, unaokata kidogo mwishoni mwa safari yake, na kila mpinzani aliujua, na bado wakashindwa kuupiga. Alipostaafu mwaka 2013 alikuwa ameokoa michezo 652, na hakuna aliyemfikia. Mwaka 2019 wapiga kura wa jumba la heshima walikuwa 425. Wote 425 walimpigia. Katika historia yote ya mchezo huo, hakuna mwanzishaji, hakuna mpigaji, hakuna nyota yeyote aliyewahi kupata kura zote kabla yake. Wa kwanza kukubaliwa na kila mtu alikuwa mtu wa akiba.

Asije mtu akaniambia kwamba hayo ni ya Wamarekani na hayatuhusu. Ng'ambo ya ziwa letu hili hili, Uganda, vijana wameanza kuipita njia hiyo. Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers ilisajili warushaji wawili Waganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Baada yao David Matoma, Mganda pia, akachukuliwa na Pittsburgh Pirates na kuwekwa katika ligi zao za chini kama mrushaji wa akiba. Ligi kuu ni mlima mwingine, na wengi huishia njiani. Lakini angalia jambo hili: kwa vijana hao, kuwekwa akiba ni kuingia kazini. Kwa kijana wetu, kuwekwa akiba ni kuanza kusahaulika.

Tena mpira wa miguu wenyewe umebadilika na sisi tumebaki nyuma. Kombe la Dunia halikuruhusu kabisa kubadilisha wachezaji hadi mwaka 1970 kule Mexico, na hapo wakaruhusiwa wawili. Katikati ya miaka ya 1990 wakawa watatu. Ulipokuja ugonjwa wa korona mwaka 2020 wakaongezwa kuwa watano, na mwaka 2022 sheria hiyo ikafanywa ya kudumu. Fikiri maana yake. Kati ya wachezaji kumi na mmoja waliosimama wakati wa kupeana mikono, karibu nusu yao wanaweza wasiwepo filimbi ya mwisho inapolia. Anayesema bado kwamba timu ni kumi na mmoja, na wengine ni wa kujazia gari, hajasoma sheria za mchezo anaoushabikia. Na hata kabla ya sheria hiyo, fainali ya mabingwa wa Ulaya ya mwaka 1999 iliwafundisha waliotaka kufundishika. Manchester United walikuwa wamefungwa moja na Bayern hadi dakika tisini zikaisha. Mabao mawili ya dakika za nyongeza yalifungwa na Teddy Sheringham na Ole Gunnar Solskjær, na wote wawili waliingia kutoka benchi.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili linaniuma, maana sipigi kelele kwa ajili ya nadharia. Kijana wa dada yangu, mzaliwa wa Bunda, alisajiliwa na klabu moja ambayo sitaitaja. Alikuwa mshambuliaji wa akiba. Msimu mzima alifanya mazoezi siku sita kwa juma kama wenzake. Hakuweza kuendesha bodaboda wala kwenda ziwani, kwa sababu klabu ilimtaka awepo kila asubuhi. Posho ya ushindi ilipotolewa, yeye na wenzake wa benchi walipewa nauli. Siku moja, akipasha misuli moto kando ya uwanja ili aingie, goti likatenguka. Hakuwahi kuingia. Nilikwenda kumwona mhasibu wa klabu, tukasalimiana kwa heshima, akaniambia kwa upole kabisa, "Mzee wangu, naelewa uchungu wako. Lakini fungu la matibabu ni la walioumia mchezoni. Kijana wako hakucheza." Nikarudi Bunda na maneno hayo. Kijana aliponiuliza, "Mjomba, wamesemaje?" nikamwambia tutauza mbuzi. Tukauza. Goti lilipona nusu, mpira ukaisha. Alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Nimeirudia kauli ile ya mhasibu mara nyingi kichwani, "hakucheza", na nimeona kwamba ndani yake mna maradhi yote. Mtu aliyevaa jezi ya klabu, aliyeandikwa kwenye karatasi ya mwamuzi, aliyeamriwa na kocha aanze kukimbia kando ya mstari, na akaumia akitekeleza amri hiyo, hakucheza! Basi alikuwa akifanya nini pale, anachuma mboga?

Najua majibu yatakayotolewa, na ni haki niyapime. Jibu la kwanza ni kwamba kocha hupanga walio bora, na aliye benchi ni duni. Wakati mwingine ni kweli. Siwezi kudai kila kijana aanze. Ni upuuzi, wala sidai mshahara wa mfungaji bora ulingane na wa kipa wa tatu. Lakini kuanza na kumalizia ni kazi mbili. Anayeanza huingia wakati wote wako sawa, mchezo haujaandikwa. Anayemalizia huingia mwili ukiwa wa baridi, mchezo ukiwa umeshachafuka, na anapaswa kuelewa kwa dakika moja alichokitazama kwa dakika sabini. Wako wachezaji hodari wasioweza kazi hiyo, kama walivyo wapishi hodari wasioweza kupika kwa haraka wageni wakiwa wamekwisha kuketi. Kumwita duni mtu anayefanya kazi usiyoielewa ni kujionyesha mwenyewe.

Jibu la pili ni kwamba posho ni ya waliotoka jasho. Haya, tupime hilo jasho. Mechi ni dakika tisini kwa juma. Mazoezi ni saa kumi au zaidi. Huko mazoezini ni nani anayecheza upande wa adui ili kikosi cha kwanza kijifunze? Ni hao wa akiba. Beki wa kwanza amejifunza kuzuia kwa kuzuia miguu ya nani? Ya mshambuliaji wa akiba. Ushindi wa Jumamosi hupikwa kuanzia Jumatatu, na moto umechochewa na watu ambao siku ya kula wanaambiwa wasubiri nje.

Jibu la tatu ndilo zito, nalo ni kwamba klabu zetu hazina fedha. Hili nalikubali bila kubisha. Najua klabu za mikoani zinavyohangaika, najua basi linavyokopwa mafuta. Lakini sisemi fedha ziongezwe. Ninasema zilizopo zigawanywe kwa akili. Unga ukiwa kibaba kimoja na watoto wakiwa wanane, mama mwenye busara hapikii watano akawaambia watatu walale. Anapunguza kila bakuli. Umaskini unaeleza kwa nini bakuli ni dogo. Hauelezi kwa nini mwingine hana bakuli.

Na nyuma ya majibu yote hayo nauona ugonjwa mkubwa zaidi, ambao si wa mpira peke yake. Sisi ni watu wa kuanza. Tunapenda uzinduzi, tunapenda jiwe la msingi, tunapenda picha ya kikosi kabla ya filimbi. Kumalizia hatukupendi. Hospitali ya Kwangwa pale Musoma ilikaa miongo kwa miongo ikiwa haijakamilika, na kizazi kizima kikakua kikiyatazama majengo hayo bila kutibiwa humo. Waliomalizia kazi hiyo, fundi mmoja mmoja, ni nani anayewajua kwa majina?

Timu yetu nayo ilitupa funzo. Biashara United ilipanda ligi kuu kwa msimu wa 2018/19, Musoma ikachangamka. Msimu wa 2020/21 ikamaliza nafasi ya nne, ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Ilikuwa fahari ya mkoa mzima. Wakaitoa Dikhil ya Djibouti. Mwezi wa Oktoba 2021 wakawakaribisha Al Ahli Tripoli ya Libya pale Dar es Salaam, wakawafunga mabao mawili kwa bila. Mechi ya kwanza tuliishinda. Ya marudiano hatukufika. Timu haikusafiri kwenda Libya, ikatolewa mashindanoni, na mwisho wa msimu huo huo, mwaka 2022, ikashuka daraja. Simtafuti mchawi. Nauliza tu: tulipokuwa tunashangilia mabao yale mawili, ni nani kati yetu aliyekuwa akifikiria nusu iliyobaki? Taifa lisilomheshimu mtu wa kumalizia hujikuta halina mtu wa kumalizia.

Watu wa Butiama ndio wasiotakiwa kufundishwa somo hili, kwa sababu walilitoa wao. Neno kung'atuka limetoka katika lugha ya Kizanaki, na Mwalimu Nyerere alilipa Taifa zima mwaka 1985 alipoacha urais kwa hiari. Tumelisifu neno hilo miaka yote kwa upande mmoja tu, upande wa anayetoka. Lakini mtu hawezi kung'atuka kama hakuna wa kupokea. Mwezi Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, Mwalimu alijiuzulu uwaziri mkuu ili akaimarishe chama. Aliyeingia ni Rashidi Kawawa. Nchi ilikuwa changa, wengi walishtuka, na minong'ono haikukosa. Kawawa akashika usukani karibu mwaka mzima, hadi Jamhuri ilipozaliwa Desemba 1962 na Mwalimu akarudi akiwa Rais. Kisha Kawawa akaendelea kutumikia, mbele inapohitajika na nyuma inapohitajika, maisha yake yote ya kazi. Hatukumwita deiwaka. Tulimwita Simba wa Vita. Kumbe tunajua kumheshimu mtu wa akiba tukitaka!

Kwa hiyo sitaishia kulalamika. Nadai mambo manne, na yote yanawezekana hata kwa klabu inayosafiri kwa basi la kukopa.

La kwanza, kila mchezaji aliyeandikishwa awe na mkataba wa maandishi, na nakala abaki nayo yeye au mzazi wake. Kijana asiye na karatasi ni deiwaka kweli kweli, na aliyemfanya hivyo ni kiongozi wake.

La pili, posho ya ushindi igawanywe kwa wote walioandikwa kwenye karatasi ya mwamuzi siku hiyo. Aliyecheza sana apate zaidi, sipingi. Lakini kiwango kijulikane kabla ya mechi, kisitegemee furaha ya mtu mwenye mfuko.

La tatu, kuumia katika kazi ya klabu kuwe ni kuumia katika kazi ya klabu, kama ni mechini, mazoezini, kwenye basi, au kando ya mstari wakati wa kupasha misuli. Goti halijui dakika ngapi zimechezwa.

La nne, na hili halina gharama zaidi ya daftari na kalamu: kazi ya mtu wa akiba ihesabiwe. Iandikwe aliingia dakika ya ngapi, matokeo yakiwa nini, na yalikuwa nini alipotoka. Baada ya msimu mmoja tutajua ni nani anayeokoa pointi na ni nani anayezipoteza. Huenda wengine wakaonekana wavivu, na hiyo nayo ni faida. Lakini wengine tutawagundua, na watakuwa na kitu cha kuonyesha wanapoomba kazi kwingine. Asiyehesabiwa hana cha kudai. Holtzman alifanya hivyo kwa kalamu ya mwandishi. Walimu wa michezo wa Bunda, Butiama na Musoma wana kalamu pia.

Nasi watazamaji tuna sehemu yetu, isiyohitaji mkutano wala kibali. Kibao cha kubadilisha wachezaji kinapoinuliwa, tumpigie makofi anayetoka, na tuyaendeleze makofi hayo hayo hadi anayeingia avuke mstari. Watangazaji waache kumwuliza kijana aliyefunga dakika ya themanini na nane kama anaona sasa atapangwa. Wamuulize aliona nini alipokuwa amekaa. Watashangaa kusikia ni mengi kiasi gani.

Na kwa viongozi wa klabu nasema hivi. Mkimsajili kijana, mmemtoa ziwani, mmemtoa shambani, mmemtoa kwenye bodaboda. Siku zake za nguvu ni chache kuliko za mwalimu au za mkulima. Akifika miaka thelathini amekwisha kuzeeka. Mkimweka akiba, mtunzeni kama akiba inavyotunzwa, mahali pakavu, kwa hesabu, mkijua siku ya njaa mtaifungua. Kama hamwezi, mwacheni aende akavue dagaa. Huko atapata zamu yake, na asubuhi ndoo yake itapimwa kama za wenzake.